Sanda Atoa Nani?

Ilikuwa baada ya Isha, barazani kwetu Barabara ya 9, Ngamiani. Umeme umekatika, kila mtu ameshika simu yake kama kibatari. Tulikuwa watu wanne na ubishi mmoja, wa tamthilia ya Marekani iitwayo Breaking Bad: nani afadhali, Gus Fring au Walter White, mwalimu wa Kemia aliyegeuka mpishi wa dawa za kulevya. Fundi pikipiki alikuwa upande wa Gus Fring. Mwalimu, anayesomesha Kemia sekondari, alikuwa upande wa Walter White na hakutaka kusikia lingine. Mimi nilikuwa na fundi. Wa nne alitafuna kashata tu.

"Gus ana adabu," alisema fundi. "Hapayuki, halewi, halipi watu kwa mafungu. Akikwambia Ijumaa, ni Ijumaa."

"Walter ana familia," akajibu Mwalimu.

Ami wa kahawa alikuwa ameshafika, dele mkono mmoja, vikombe vikigongana mkono wa pili. Kwa kawaida humimina, hupokea chake, huondoka. Usiku ule alisimama.

"Huyo mwenye adabu, auza nini?"

"Kuku, Ami. Lakini kuku ni kwa mbele. Kwa nyuma auza dawa za kulevya."

"Ahaa." Akammiminia Mwalimu. "Na wanaokufa kwa hiyo dawa yake, sanda atoa nani?"

Tulicheka. Fundi akamwambia, "Ami, Wamarekani wale, huzikwa na suti zao," tukacheka zaidi. Ami hakucheka. Alikusanya vikombe, akavisuuza kwenye kikopo chake, akashika njia ya Barabara ya 10. Mlio wa vikombe tuliusikia mpaka alipokata kona.

Hii ni wiki ya sita.

Mimi ndiye niliyewaleta mtaani

Kabla sijaendelea, nikiri. Hao watu wawili, Gus na Walter, mtaa huu waliingizwa na mimi.

Nilikuwa na laibrari ya muvi, kibanda cha mabati chenye kompyuta moja na feni moja. Breaking Bad ilianza kuonyeshwa Marekani Januari 2008, ikamalizika Septemba 2013: sizoni 5, episodi 62. Kwangu ilifika yote kwa mkupuo, ndani ya diski ya jamaa aliyetoka Dar. Nikawa naikopi kwenye fleshi za watu, sizoni kwa sizoni, kwa bei ya chipsi kavu. Sizoni ya 4 ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu asubuhi kabla sijafungua mlango.

Ndiyo, ilikuwa mali ya watu. Nitalirudia hilo, au pengine sitalirudia.

Ninachotaka kusema ni kwamba nimewasikia watu wengi wakiwahukumu hawa wawili: mabaharia, wanafunzi wa chuo, bibi mmoja wa Makorora aliyekuwa akisimuliwa na mjukuu. Karibu wote walimpenda Gus kuliko Walter. Mimi pia. Na sababu ilikuwa ileile ya fundi.

Pwani hii mtu akikosa adabu, hata akiwa na haki, haki yake haisikilizwi. Sasa muone Gus. Mwenye mkahawa, lakini afuta meza mwenyewe. Amevaa shati la njano na tai, apita kuuliza wateja kama wameridhika. Ana pesa za kununua mji na aendesha Volvo kuukuu. Polisi wanapokesha hospitali wakisubiri habari za mwenzao aliyepigwa risasi, ni yeye anayewaletea chakula. Akimwalika mtu nyumbani, ampikia kwa mkono wake, chakula cha kwao Chile.

Walter tunakutana naye jangwani, amevaa chupi, anapiga makelele.

Nani angemchagua huyo?

Buti

Wiki ya kwanza baada ya swali la Ami nilirudi kuangalia. Sikuangalia zote, nilichagua. Nikaanza na mwanzo wa sizoni ya 4, kule kwenye maabara ya chini ya ardhi, Walter anakompikia Gus dawa.

Mnaijua. Walter na Jesse, mwanafunzi wake wa zamani anayepika naye, wamekaa vitini kama watoto waliofikishwa kwa mwalimu mkuu. Victor, mtu wa Gus mwenyewe, yuko pale anajigamba kwamba naye sasa aweza kupika. Kosa la Victor ni kwamba ameonekana na watu mahali palipouawa mtu. Gus ashuka ngazi, hasemi kitu. Walter ndiye asemaye, tena kwa wote: anajitetea, anahesabu sababu, anapanda sauti, anashuka. Gus avua koti. Avua miwani. Avaa zile nguo za maabara, kipande kwa kipande, bila haraka, kama mtu anayejiandaa kwenda sala ya Ijumaa. Avaa buti. Kisha achukua kisu kidogo cha kufungulia maboksi, amchinja Victor mbele yao, na anamshikilia huku akimtazama Walter, mpaka damu imalizike.

Anamwachia. Ananawa, anavaa tena, anaiweka tai sawa. Neno lake pekee ni la kuwaambia warudi kazini.

Zamani nikiwasimulia wateja niliita hiyo nidhamu. "Muone bosi, hata hasira hana." Mara hii macho yangu yalinasa kwenye buti. Alizivaa ili viatu vyake visichafuke. Mtu aliyekuwa akimtumikia kwa uaminifu anakaribia kufa, na aliyeshika kisu ameshafikiria viatu.

Nikawaza: ile adabu yote, shati la njano, chakula cha polisi, Volvo, huenda nayo ni buti.

Lakini hapo hapo nikasita. Kuna Max. Kuna lile bwawa la kuogelea kule Mexico ambapo Hector Salamanca, mtu wa genge la dawa la huko, alimpiga risasi huyo Max, mwenzake Gus, na kumlazimisha Gus alale chini amtazame, damu ikiingia majini. Miaka ishirini na zaidi Gus alilibeba. Halafu akarudi penye bwawa lilelile na chupa ya tekila yenye sumu, akainywa yeye mwenyewe kwanza ili maadui zake wanywe. Mtu asiyempenda mtu hafanyi hivyo. Nilirudisha nyuma kile kipande mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa upande wake.

Kisasi si wema, najua. Ila mimi ni mtu wa Tanga na nimelelewa na hadithi ya Osale Otango.

Darasa la sita walitupeleka mapango ya Amboni, kilomita nane tu kutoka mjini, na mwongozaji akatumulikia kona ya giza akasema, hapa ndipo Osale Otango na Paulo Hamisi walipojificha miaka ya hamsini. Waliwaibia walowezi wa mashamba ya mkonge, wakawagawia watu weusi. Ndivyo ilivyosimuliwa. Hakuna mtoto aliyeuliza kama kweli waligawa, wala waligawa kiasi gani. Tulirudi kwenye basi kila mtu ni Osale. Nadhani toka siku ile nina kiti kimeandaliwa moyoni kwa mwizi yeyote mwenye ustaarabu, na Gus alikuja akakikalia.

Mwalimu akataa mchango

Haki ni haki, na Walter asikilizwe.

Mwalimu wetu humtetea kwa sauti ya mtu anayejitetea mwenyewe. Mshahara hautoshi, mtu ana akili kuliko wote waliomzunguka, jioni aosha magari ya watu na anayemkuta akisugua matairi ni mwanafunzi wake. Kisha daktari amwambia saratani ya mapafu. Mke mjamzito, mtoto wa kwanza mlemavu. "Wewe ungefanya nini?" Mwalimu huuliza, na huuliza hasa, hupumzika asubiri jibu.

Zamani nilikuwa sina jibu. Sasa ninalo, na nimelipata kwenye simu yangu.

Ninayo makundi manne ya WhatsApp ya michango. La harusi moja, matatu ya wagonjwa. Mtu akiugua hapa, hata kama jana mligombana, leo jina lake liko kwenye orodha na mbele yake mnaandika elfu tano, elfu kumi, "nitatuma mwisho wa mwezi inshallah." Ugonjwa si wa mtu mmoja. Anayekataa mchango ndiye tunayemshangaa.

Walter alichangiwa. Hilo watu hulisahau. Sizoni ya kwanza kabisa, kabla hajawa na jina, marafiki zake wa zamani, matajiri, walijitolea kumlipia matibabu yote. Akakataa.  Akasema hapana, akarudi kupika.

Kwa hiyo yale ya familia, familia, familia, yaliyodumu sizoni tano, yalikuwa yamekwisha siku ile. Na mwenyewe akaja kukiri mwishoni kabisa, amesimama jikoni mbele ya mkewe: alifanya kwa ajili yake mwenyewe, alipenda, na alikuwa hodari.

Nilimwambia Mwalimu hivyo. Alinyamaza, kisha akasema, "Wewe hujawahi kudharauliwa na mtoto uliyemfundisha." Sikubishana naye. Kuna ubishi ukiushinda unapoteza mtu.

Watoto wawili

Wiki ya tatu nilidhani nimepata mizani.

Watoto. Niliona hapo ndipo watatengana.

Upande wa Gus kuna Tomás, mtoto wa miaka kumi na moja. Wauzaji wa Gus walimtumia kumuua mtu. Jesse akaja juu, akaitwa kikao, na Gus akatoa hukumu mbele ya wote: watoto wasitumike tena. Wale wauzaji wakaitikia. Usiku uleule Tomás akaokotwa amekufa.

Je, Gus aliagiza? Tamthilia haisemi. Nimeitazama kauli ile kwa sauti kubwa na kwa sauti ndogo. "Watoto wasitumike tena" ni amri ya mtu mwema, na ni amri ambayo mtu mwovu akiisikia aweza kuielewa vingine kabisa: basi mtoto huyu asiwepo. Bosi hakusema ueni. Bosi hakuwahi kuhitaji kusema.

Upande wa Walter kuna Brock. Mtoto mdogo wa mpenzi wa Jesse, aumwa ghafla, akimbizwa hospitali. Baadaye kamera yatuonyesha chungu cha ua uani kwa Walter, ua lenye sumu, na tunaelewa nani alilipanga, na kwa nini: ili Jesse amchukie Gus. Brock hakufa. Walter aweza kusema alipima. Ni mwanakemia, bila shaka alipima.

Sasa nambie. Yupi?

Siku ya kwanza nilisema Walter ni mbaya zaidi, kwa sababu alimtazama mtoto anayemjua akamfanya chombo. Siku ya pili nikasema Gus, kwa sababu mtoto wake alikufa na yeye kesho yake alikuwa anafuta meza. Nikakumbuka pia Gus akimtishia Walter jangwani, kwa sauti ya mtu anayesoma menyu, kwamba atamuua mke, mtoto wa kiume, na kichanga. Nikarudi kwa Walter: wale watu kumi waliouawa magerezani kwa agizo lake ndani ya dakika mbili, na yeye nyumbani akitazama saa. Nilikuwa na daftari, kweli, lenye safu mbili. Mke wangu akaliona akauliza kama ni hesabu za kikoba.

Mtu mzima, usiku wa manane, nawajumlishia maiti watu wasiokuwepo.

Bafta

Mama ndiye aliyenifumbulia.

Nilikwenda kwake Jumapili, nikamkuta juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamsimulia kisa cha Ami kama kichekesho, mpaka lile jibu la fundi la suti. Mkono wake ukasimama.

"Wewe hukumbuki?" aliniuliza. "Mtoto wa dada yake. Wewe ulibeba jeneza."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekumbuka siku zote, ila nilikumbuka vipande.

Tulikuwa na mtu mtaani kwetu, simtaji, watu wakimwita Tajiri. Salamu yake ilikuwa ya mikono miwili. Mwezi mtukufu alipeleka nyumba kwa nyumba tende, sukari na unga wa ngano. Mtoto akirudishwa shule kwa sababu ya ada, mama alijua mlango wa kugonga. Hakuwahi kupandisha sauti. Na unga mwingine, ule usiokandwa chapati, ulikuwa wake pia. Sote tulijua. Tulijua kama mtu anavyojua kuna choo nyuma ya nyumba: hakielekezwi kidole wageni wakiwepo.

Kijana wa dada yake Ami alikuwa teja. Alianza kwa kuvuta, akaishia kwenye sindano. Alikutwa asubuhi nyuma ya gofu moja karibu na reli.

Sanda alitoa Tajiri. Bafta, pamba, kafuri, ubani, na mchele wa khitma. Alikuja mwenyewe, kanzu nyeupe, akaingiza bega kwenye jeneza mbele yangu. Nauona mpaka leo mshono wa kola yake. Makaburini alimshika Ami mkono kwa mikono yake miwili, na alilia. Machozi yalikuwa ya kweli, mimi nilikuwa karibu. Watu wakasema, "Muungwana yule." Nadhani na mimi nilisema.

Pilau ya khitma nilikula sahani mbili.

"Ami aliipokea ile sanda," alisema Mama, akaanza tena kukuna. "Angefanyaje? Maiti yuko ndani."

Episodi waliyoiruka

Nilirudi kwenye sizoni mara moja tu baada ya hapo, usiku ule ule, na sikutafuta Gus wala Walter.

Nilimtafuta Jane, mpenzi wa Jesse wa sizoni ya 2. Anakufa kwa heroini, kitu kilekile kilichomuua mpwa wa Ami. Yuko kitandani, anapaliwa na matapishi, na Walter amesimama pale. Ananyoosha mkono amgeuze, anausitisha. Anamtazama mpaka mwisho. Na analia.

Yule Tajiri wetu alikuwa na adabu za Gus na machozi ya Walter, vyote katika kanzu moja. Daftari langu la safu mbili halikuwa na mahali pa kumwandika.

Kisha nikamtafuta mtoto mwingine, wa sizoni ya 2, ambaye hata jina hatukupewa. Yumo kwenye nyumba chafu ya wazazi walioiba mashine ya pesa, wanaotumia dawa aliyoipika Walter. Hana chakula, ametulizwa mbele ya runinga, na kinachoonyeshwa ni tangazo la visu. Jesse, aliyekwenda kudai mali, ajikuta akifunika uso kwa viganja na kufunua, ili mtoto acheke. Mwisho anamfunga blanketi, anamkalisha nje kwenye ngazi, anaita msaada, anakimbia.

Wateja wangu wengi walikuwa wakiiruka ile. "Ile ya mashine ya pesa inachosha, bro, haina Gus." Ni kweli, haina Gus. Gus alikuwa na msemo wake, kwamba mtumiaji wa dawa haaminiki kamwe. Tulivyokuwa tukiupenda! Tulikuwa tukiunukuu hata kwenye mambo ya mpira. Hatukuona kwamba huyo asiyeaminika ndiye aliyekuwa akimnunulia Gus petroli ya Volvo.

Siku hizi nikipita asubuhi mjini nawaona vijana, wengine wa rika langu, wakitoka kunywa methadoni. Wengi huinywa palepale mbele ya mhudumu, kila siku. Wamo watatu waliokuwa wateja wangu. Mmoja alichukua sizoni zote tano, na fleshi yangu ya akiba hajairudisha. Sijui kwa nini nataja hili la fleshi.

Vikombe viwili

Alhamisi iliyopita nilimsubiri Ami peke yangu, mapema, kabla ya baraza kujaa. Nilikuwa nimepanga maneno. Alipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaanza kulalamika bei ya kahawa ya Bukoba, na maneno yangu yote yakapotea.

Akanimiminia. Nikanywa. Ilikuwa chungu kama inavyotakiwa.

"Ubishi wenu uliishia wapi?" aliniuliza yeye mwenyewe.

"Haujaisha, Ami."

"Yule mwalimu, alikufa?"

"Alikufa."

"Na wa kuku?"

"Naye. Alitegewa bomu. Alitoka chumbani kwa miguu yake, akaiweka tai sawa, ndiyo akaanguka."

Ami alilifikiria hilo la tai kidogo.

"Walizikwa na nani?"

Nilikaa kimya nikipitisha episodi kichwani. Gus hatukuonyeshwa akizikwa. Walter tulimwacha sakafuni kwenye maabara, polisi wakiingia.

"Haikuonyeshwa," nikasema.

"Basi hamkuimaliza," alisema Ami, akanimiminia cha pili bila kuniuliza kama nataka.

Nililipa vya vikombe viwili. Hakuwa na chenji, akaniachia kashata.